Uso Wangu, Sauti ya Nsimire

Nilikwenda Birmingham, Uingereza, kudai sauti yangu. Nilipokuwa binti wa miaka ishirini hivi, kabla sijaajiriwa ualimu, alikuja Korogwe mtengeneza filamu kutoka Poland aitwaye Teodor. Jina lake la pili lilitushinda sote. Alikuwa anatafuta mwanamke wa kukaa stesheni ya reli akimsubiri mume aliyekwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge asirudi. Akanichagua mimi. Tulipiga picha kiangazi kizima, kisha akafungasha vyombo vyake akaondoka, na filamu yenyewe hatukuiona.

Nilikuja kuiona nikiwa nimestaafu, kwenye simu ya mpwa wangu. Uso ulikuwa wangu na kanga ilikuwa ya mama yangu. Lakini nilipofungua mdomo akasema mwanamke mwingine, tena kwa Kiswahili cha Kongo. Niliitazama hadi mwisho, nimekaa sebuleni kwangu. Mume wangu alishafariki, na wanangu wako Dodoma na Mwanza. Mpwa alinisifu kwamba nimeigiza vizuri, akachukua simu yake akaenda. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba yule anayezungumza si mimi.

Mwaka uliofuata nilipigiwa simu kutoka Birmingham. Kituo kimoja cha kuhifadhi filamu za zamani kilikuwa kinaisafisha ile filamu ili ionyeshwe upya. Walikuwa wamesikia niko hai. Je, ningependa kuja kuingiza sauti yangu mwenyewe? Nilikubali kabla aliyepiga hajamaliza kusema.

Ndani ya ndege nilikuwa nikiyarudia maneno yangu ya zamani chini kwa chini. Abiria aliyekaa karibu nami alidhani nasali, akageukia dirishani kunipa nafasi.

Birmingham nilifika mchana, mvua ikinyesha, ile mvua nyembamba isiyo na haraka. Kituo kilikuwa kimenitafutia mwenyeji, Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu aliyekuja Uingereza na watoto wake wakati wa vita. Alinipokea uwanjani akiwa amebeba koti zito mkononi.

"Vaa hii, mama. Huku baridi inaingiaka mpaka mu mifupa."

Nyumba yake iko Sparkbrook, katika mstari wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana, kila moja na mlango wake barabarani. Tulipita Ladypool Road, bamia na pilipili zimepangwa nje ya maduka zikilowa. Watu walikuwa wengi, na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Nilisalimia wawili watatu kwa mazoea, kisha nikaacha.

Jioni alinipikia fufu, ugali wao wa muhogo, na sombe, ambayo kwetu ni kisamvu. Tulipokuwa tunakula akasema, "Mama Zaituni, kuna neno niko nalo. Afadhali ulisikie kwangu. Ile sauti mu filme ni ya dada yangu, Nsimire."

Tonge lilinikaa mkononi. Akaendelea taratibu. Nsimire alikuwa anasomea unesi Brussels. Teodor alikuwa huko akiimalizia filamu, anatafuta mtu yeyote anayejua Kiswahili. Akampata yeye. Filamu ilipokwisha, wakaoana.

"Naye yuko wapi?" niliuliza.

"Alikufa mwaka juzi." Alifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. "Muzee Teodor iko hapa Stechford, peke yake. Kila Jumapili, kisha kutoka kanisa, anawekaka ile filme. Anageuza televizyo inaangalia ukuta. Anaikala mu cuisine, kule jikoni, anasikilizaka tu."

"Hanitazami?"

"Hapana, mama. Anasikia bibi yake."

Nilipopanda kulala hasira ilikuwa imenipanda pia. Kumbe mtu huyu aliniondolea sauti, na sasa hata uso wangu ameugeuzia ukutani.

Asubuhi tulipanda basi hadi Stechford. Mama Furaha alinifikisha mlangoni, akasema atanifuata baadaye. Teodor niliyemjua alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Aliyefungua alikuwa mzee aliyeinama, kavaa sweta juu ya sweta.

"Zaituni," alisema. "Umefika kweli. Ingia."

Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu kilichopinda kidogo kwa ulimi wa kizungu. Zamani Korogwe hakujua hata neno *maji*. Alinimiminia chai ya tangawizi, na wakati wote huo alikuwa akiniangalia mikono, au kikombe, usoni kamwe.

Sikuzunguka. "Kwa nini ulinitoa sauti?"

"Jenereta," alijibu. "Unakumbuka ile jenereta nyuma ya stesheni? Kanda zote zilijaa ngurumo yake. Nilifika Brussels, nikasikiliza, nikalia. Kukurudisha wewe nisingeweza."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia," alikubali. Hakuongeza udhuru.

Mchana ule alinisimulia maisha yake, nami ninayaandika hapa kama nilivyoyasikia, maana wengi kwetu tunamkumbuka kama mzungu wa kamera tu. Baba yake alikuwa mtoa ishara za treni katika mji mdogo wa makaa ya mawe, na Teodor alikulia ndani ya kibanda cha ishara, akitazama watu wakishuka na wengine wakikosa wa kuwapokea. Ndiyo maana kila filamu yake ina mtu anayengoja. Zilikuwa filamu za polepole, hazina risasi wala ngoma. Watu wachache walizipenda mno, na wengi walitoka ukumbini kabla ya mwisho. Ile ya Korogwe ndiyo iliyomletea jina. Ikapata tuzo, akaalikwa huku na kule. Baadaye wakubwa wa filamu wakataka mambo ya mbio, yeye hakuweza, wakaacha kupokea simu zake. Ndugu za mke wake walipokimbilia Birmingham, Nsimire alitaka kuwa karibu nao. Teodor akamfuata. Hakutengeneza filamu tena.

"Nilikuwa na mtu wa kuongea naye," alisema. "Haja ya kamera ikaisha." Akanimiminia chai tena. "Sasa amekwenda, na sina hata picha moja inayotembea yenye sura yake. Miaka yote hiyo, mimi mtu wa sinema, sikumpiga picha. Nina sauti tu. Na sauti iko mdomoni kwako."

Hapo ndipo alipoinua macho akanitazama, kisha akayarudisha haraka mezani. Nilielewa kwa nini alikuwa akiyaficha. Kila akiniona, anamwona aliyesimama mahali pa mkewe.

Nikamwambia alichokuwa akikijua tayari, kwamba kesho naingia studio, na filamu itakayozunguka itabeba sauti yangu. "Ni haki yako," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia kituo wakutafute."

Halafu akasema kuna jambo la mwisho. Katika tukio la kumalizia, yule mwanamke anainuka, anaipa kamera mgongo na kutembea kandokando ya reli. Maneno yangu pale yalikuwa, "Basi. Nakwenda zangu." Nsimire alisema, "Basi. Niko hapa." Teodor hakujua. Alikuja kugundua miaka kadhaa baada ya ndoa, alipokwisha kujifunza Kiswahili.

"Nikamuuliza, kwa nini ulibadilisha? Akasema, huyu mwanamke haendi popote, angalia miguu yake inavyojikokota. Waandishi wa Ulaya waliandika kurasa nyingi juu ya miguu hiyo. Wakasema ni miguu ya mtu aliyefungwa na mapenzi."

"Mzee Teodor," nilisema, "viatu vilikuwa vidogo. Mlinipa viatu vya mtu mwingine, vikanichubua visigino."

Alinitazama. Safari hii hakuyaondoa macho. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, na nyumba ile ilionekana kushtuka kwa kelele zetu.

Siku iliyofuata nilikwenda studio. Fundi wa sauti alikuwa Bwana Harjit, Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Teodor alikaa nyuma yake, kofia magotini. Nilivaa vile vidude vya masikioni, picha ikaanza, nikasema maneno yangu ya kwanza. Harjit akasimamisha mashine.

"Mama, sauti yako ni safi kabisa," alisema kwa upole. "Lakini huyu wa kwa picha ni msichana. Wewe sasa uko nyanya. Tunaweza jaribu kuirekebisha na mashine."

Akanisikilizisha. Nilisikia bibi kizee akisema kutoka kinywa cha binti. Nikaomba nimsikie Nsimire kwanza, mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa. Tangu siku ile ya simu ya mpwa sikuwa nimemsikiliza. Nilikuwa nikimchukia tu. Alikuwa akivuta pumzi pale nilipovuta. Niliposita, naye alisita. Mtu yule alikuwa amekaa kwenye chumba chenye giza Brussels, akiutazama uso wangu kwa makini ambayo hakuna mtu amewahi kunitazama nayo, wala kabla wala baada.

"Mwache," nilimwambia Harjit. "Nipe sentensi ya mwisho tu. Pale nimegeuka mgongo, umri hauonekani."

Teodor akaitikia kwa kichwa.

Nikasema, "Basi. Nakwenda zangu." Nilisema mara moja. Harjit alisema imetosha. Nilipogeuka, kofia ilikuwa imeanguka sakafuni na mzee hakuwa ameiokota.

Siku ya kuondoka Teodor alinisindikiza hadi stesheni ya Stechford. Ubaridi ulikuwa mkali. Alinishukuru kwa sauti ya mkewe, nami sikumshukuru kwa lolote, lakini nilimshika mkono muda mrefu. Treni ilipoanza kuondoka alipunga mkono kuelekea behewa la mbele yangu, kwa mtu asiyemjua. Macho yake ni mabovu sasa. Niligonga kioo, hakusikia. Aliendelea kupunga hadi tukampoteza.

Korogwe nilifika jioni. Majirani waliniuliza habari za Ulaya, nikawaambia habari za baridi na za nyumba zilizoshikana ambazo watu wake hawajuani. La kuwaambia hasa sikuwa nalo. Nilichojifunza ni kidogo. Nilikwenda nikidhani nimeibiwa, nikakuta kwamba kuna mwanamke aliyenisindikiza miaka yote hiyo, na nimemjua akiwa ameshakufa.

Nilifika nyumbani kwangu, nikafungua kufuli. Kabla ya kuingia nikabisha hodi, kwa sauti kubwa, sijui kwa nini, kwani ndani hamkuwa na mtu. Nikangoja kidogo pale mlangoni. Kisha nikajiitikia mwenyewe, karibu, nikaingia kuwasha taa.