Jumamosi ya Vunjajungu

Mwaka jana, Jumamosi ya mwisho ya Februari, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, nilimpoteza mtoto wa mjomba wangu. Alianguka kutoka urefu usiozidi mnazi, na parachuti lake lilikuwa limefunguka vizuri juu ya kichwa chake. Natanguliza hilo kwa sababu hapa mtaani kwetu Kibokoni wako wanaosema mpaka leo kwamba halikufunguka. Lilifunguka. Mimi nilikuwepo.

Mimi ni fundi wa maturubai. Nimesoma mpaka darasa la nane, kisha nikawekwa kwenye cherehani, na sijaondoka hapo. Nashona mahema ya arusi, vivuli vya mikahawa, vifuniko vya mizigo. Mwenye uwanja wa parachuti ng'ambo ya Likoni, upande wa pwani ya kusini, aliniita kushona vivuli vyake vilivyokatwa na upepo. Nikamaliza vivuli, akanipa mifuko ya kubebea maparachuti. Baadaye tukapatana kwamba nitaendelea kumshonea, naye atanifundisha kuruka, mimi na mtu mmoja nitakayemleta.

Kusema kweli mimi sikuwa na hamu ya kuruka. Aliyekuwa na hamu ni mtoto wa mjomba. Alikuwa akiuza viatu vya mitumba Mwembe Tayari, na kazi ile ilimchosha kwa kukaa chini. Nilipomhadithia habari za uwanja aliniacha nimalize sentensi moja tu, akasema, "Yule mtu mmoja ni mimi. Usimtafute mwengine."

Tulilelewa nyumba moja, yeye na mimi, na utani wetu haukuwa na mipaka. Mafunzo ya mwanzo yalikuwa ya ardhini: namna ya kutoka mlangoni mwa ndege, namna ya kukunja mwili kama upinde, tumbo mbele, mikono wazi, ili hewa ikubebe sawasawa. Jioni tuliyarudia kwenye sakafu ya juu ya nyumba yetu, tumelala kifudifudi juu ya mkeka, miguu na vichwa hewani. Jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima, alikuwa akianua nguo upande wa pili wa kichochoro.

"Ee wanangu," akatuita, "mwaswali kuelekea wapi namna hiyo?"

"Twafundishwa kuruka, bibi!"

"Basi rukeni mniletee kanga yangu, imeangukia paa la msikiti."

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa bara, mkavu wa maneno. Baada ya mruko wangu wa kwanza wa peke yangu hakunipongeza. Aliniuliza, "Fundi, mbona ulifumba macho?"

Nikamwambia niliogopa.

"Kuogopa ni sawa. Lakini ukifumba macho, nani anakusomea hiyo saa?" Alikuwa akiisema ile saa ya mkononi inayoonyesha umebakiza urefu gani kufika chini.

Mruko wa pili sikufumba. Niliiona ardhi yote kama ilivyo, na sikupata ile furaha wanayoisema wengine. Nilihisi kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha. Mtoto wa mjomba alitua akicheka mpaka machozi. Akanikumbatia na parachuti limemzonga miguuni, akasema hajapata kuwa macho namna ile tangu azaliwe.

Tulianza kuzoeana na watu wa pale. Chini ya kivuli cha kukunjia maparachuti palikuwa na sakafu ndefu ya zulia, na hapo ndipo palipokuwa baraza lao. Wakunjaji wengi walikuwa vijana wa Kidigo wa vijiji vya jirani, na warukaji walitoka kila mahali. Wakati upepo mkali ulipozuia ndege, watu walikaa pale saa nzima wakitaniana. Desturi yao ni kwamba ukifanya jambo lolote kwa mara ya kwanza, unawanunulia wenzako kinywaji, na kinywaji chao ni pombe. Sisi hatukuweza hilo, kwa hiyo shangazi yangu alitupikia kaimati, bakuli kubwa, zikaliwa mpaka shira ikakombwa kwa vidole. Tangu siku hiyo tulidaiwa kaimati kwa kila jambo.

"Fundi, leo ni mara ya kwanza umetua bila kukaa kitako," mmoja alisema. "Kaimati!"

"Na wewe muuza viatu, ni mara ya kwanza umevaa viatu vinavyofanana. Kaimati!"

Mimi nilikuwa mtu wa kusikiliza zaidi. Mwenzangu alijua majina ya watoto wa kila mkunjaji, na alimwamkia kwanza kila mtu aliyemzidi umri, hata akiwa na mzigo mgongoni.

Siku moja mwalimu alitupeleka katikati ya uwanja, mahali ambapo nyasi zilikuwa sawa na nyasi nyingine. Akasema hapo mgeni mmoja alivunjika nyonga, na alikuwa mrukaji wa miaka mingi. Akatueleza sababu. Parachuti lina vishikio viwili, cha kulia na cha kushoto. Ukivuta kimoja kwa nguvu, linageuka, lakini likigeuka linainama na kushuka kwa kasi kubwa. Ukiwa juu halina neno, lina nafasi ya kujinyosha. Ukiwa karibu na ardhi, ardhi inafika kwanza.

"Ukishakuwa chini hakuna kugeuka," akasema. "Hata kama unaelekea kwenye ua. Hata kama unaelekea kwenye ng'ombe. Nyosha mikono juu, tua hapo ulipo. Utavunjika mguu, tutakucheka, utapona. Mmenielewa?"

Mimi nilielewa haraka, maana nimeona hema la arusi likikamatwa na upepo upande mmoja. Mtoto wa mjomba alilirudia lile sharti kwa sauti kuliko mimi.

Lakini haukupita muda mrefu akalivunja. Alikuwa akishuka, na mzee mmoja mkunjaji akatoka kivulini na chupa ya maji kumpelekea. Mwenzangu alipomwona akavuta kidogo upande wake ili atue karibu. Alipiga magoti chini vibaya, suruali ikachanika. Mwalimu alimzuia kuruka juma zima, akampa fagio.

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Mtu mzima anibebee maji, atembee jua lote hilo, mimi nimngoje nimekaa?"

"Ndiyo! Mngoje umekaa! Mngoje umelala!"

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliona kwamba hakulisahau sharti. Alilikumbuka, ila mkono wake ulikuwa umefunzwa jambo jingine tangu utotoni, na hilo ndilo lililotangulia.

Mjomba hakuridhika na jambo hili tangu alipolisikia. Ni mtu wa maneno machache, mstaafu wa bandarini, na kila baada ya Alasiri hukaa barazani na wenzake kwa kahawa. Jioni moja tulipita tukitoka uwanjani. Mwanawe akainama akambusu mkono.

"Watoka wapi?"

"Kuruka, baba."

"Sema kuanguka."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Mwache, bwana. Atatuletea habari za mvua kabla ya redio."

Mjomba hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Mungu amempa miguu, akampa na ardhi ya kutembea. Sina radhi na jambo hili. Nimelisema mbele yenu, na nyote ni mashahidi."

Asiyelelewa kwetu huenda asijue uzito wa maneno yale. Mtu aweza kugombana na baba yake mwaka mzima na wote wakala sinia moja. Lakini baba akisema mbele za watu kwamba hana radhi, mtoto hawezi kwenda popote bila kuyasikia maneno hayo nyuma yake. Njia nzima mpaka mlangoni kwetu mwenzangu hakufanya mzaha hata mmoja.

"Siwezi kuingia Ramadhani namna hii," akaniambia.

"Basi acha kuruka."

"Au aje aone. Hajaona hata siku moja. Akiniona nimetua kwa miguu yangu, nimemwendea, nimemshika mkono, atasema nini tena?"

Nilimwambia baba yake aweza kusema vile vile. Akasema basi ataacha, na nilimwamini. Bado namwamini.

Njia aliyoipata ilikuwa vunjajungu. Kila mwaka kabla ya mfungo ukoo wetu hutoka siku moja, wakubwa kwa watoto, na masufuria na mikeka, kwenda kula mahali penye upepo. Aliwapanga shangazi zake kwanza. Wao wakamwambia mjomba kwamba mwaka huu ni ng'ambo, karibu na ule uwanja, na chakula kishapangwa. Mjomba alikubali kwa sababu asingewaachia dada zake safari peke yao.

"Nimekuja kula," alisema aliposhuka garini. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kushika bakora. Wakunjaji walimpa kiti cha mwisho, penye kivuli kizuri, wakampa na maji baridi. Aliwashukuru kwa heshima. Hakuangalia ndege.

Karibu na Adhuhuri upepo uligeuka. Mwalimu akaja kwetu tukiwa tumeshavaa mikanda. "Leo mnatua kule mwisho, kwenye ua wa mkonge, mkiupa upepo uso. Wageni wako huku, nyinyi mnatua kule. Mtawafuata kwa miguu. Sawa?"

Sote wawili tulisema sawa.

Ndege ilitupandisha mpaka tukawa juu kabisa. Kisha mwenzangu akaniinamia sikioni. "Yuko kiti gani?"

"Cha mwisho. Tua kwanza, kiti utakiona."

Akanipiga begani. Nilitoka mimi mbele, na yeye baada yangu.

Nilitua vizuri karibu na ua, nikasimama, nikaanza kukusanya kitambaa. Nilipoinua kichwa alikuwa anakuja sawasawa, uso kwenye upepo, mikono juu, kama tulivyofundishwa. Alikuwa amebakiza kidogo sana. Nikatazama upande wa wageni, na nikamwona mjomba. Alikuwa amesimama. Alikuwa ametoka kivulini peke yake na anatembea kwenye nyasi kuja upande wetu, kiganja usoni kuzuia jua, bakora ikitangulia. Hakuna aliyemwita. Niliuliza wote baadaye.

Nilimwona mwenzangu akigeuza kichwa upande ule. Kisha mkono wake wa kulia ukashuka mpaka nyongani.

Parachuti likainama na kumzungusha kama jiwe lililofungwa kamba. Nilipiga kelele. Kwenye redio ya kofia yangu nilimsikia mwalimu, "Mikono juu! Juu! Juu!" na neno la mwisho lilikuja baada ya kishindo.

Mjomba alifika kabla ya watu wa kivulini, kwa kuwa alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. Mwalimu alimzuia asimwinue. Mwenzangu alikuwa anapumua, macho wazi, lakini hakuwa akimtazama mtu.

Ambulensi ya hapo uwanjani ilituchukua, dereva mbele, na nyuma muuguzi mmoja wa kike, mjomba na mimi. Mjomba aliketi upande wa kichwa. Tangu barabara ya vumbi mpaka lami, na tangu lami mpaka Likoni, alisema jambo moja tu.

"Niko radhi nawe, baba. Wasikia? Niko radhi nawe. Radhi kamili, haina kasoro. Wasikia, baba?"

Sijui kama alisikia. Watu wameniuliza, na shangazi zake wangependa niseme kwamba alitikisa kichwa. Hakutikisa.

Kwenye feri walitupisha mbele. Katikati ya maji muuguzi aliondoa vidole vyake shingoni mwa mtoto wa mjomba, akavirudisha, akaviondoa tena. Akagonga kioo cha dereva, na king'ora kikazimwa. Mjomba akanyamaza. Alimtazama muuguzi, kisha akanitazama mimi.

"Mbona aligeuka?" akauliza. "Nilimwona. Alikuwa yuwaja sawa. Mbona aligeuka?"

Muuguzi alinitazama pia, na nadhani alitaka niseme sijui.

"Alikuona watembea juani, mjomba," nikamwambia. "Alikuwa yuwaja kwako."

Feri iligusa upande wa kisiwani na magari yaliyo nyuma yetu yakaanza kuwashwa. Muuguzi alikunjua shuka. Mjomba akaichukua mikononi mwake, akamfunika mwenyewe, akaanzia miguuni.