Mstari wa Kalamu

Muuguzi wa chumba cha vidonda hasalimii wagonjwa, anasalimia vidonda. Hunawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, polepole kama anayejiandaa kusali, kisha huinama na kuuliza, "Haya bwana, umelalaje?" Bendeji kuukuu huinusa kama mpishi anayekagua mchuzi. Uvimbe huuzungushia mstari wa kalamu ya bluu: ukivuka, rudi mbio. Mjane mmoja aliupenda sana mstari huo. Mumewe alikanyaga msumari, akaficha kidonda ndani ya soksi wiki nzima, wakamzika. Sasa alikuwa amemburuta shemeji yake, fundi cherehani, aliyejikata mguuni.

Siku ya pili muuguzi aliinama, akapitisha kidole kwenye ngozi. Mstari wa bluu ulikuwa umefutwa. Kulikuwa na mwingine mweupe, mpana zaidi.

"Shemeji, hii si chaki yako?" mjane aliuliza.

"Uvimbe ulivuka kidogo tu," fundi alisema, "nikauongezea nafasi. Sikutaka uogope tena."

"Kidonda si suruali, baba," muuguzi alisema. Alimgusa paji la uso, likamchoma kiganja, akakimbia mwenyewe kuleta sindano. Kisha akachora mstari wake upya.

Siku ya sita uvimbe ulikuwa umenywea ndani kabisa ya mstari wa bluu. "Kwaheri bwana, tusionane," muuguzi alikiambia kidonda. Mjane alimshukuru Mungu kwa sauti, halafu akamnyooshea shemeji yake kiganja. Fundi alijifanya haelewi, mwishowe akatoa chaki nyuma ya sikio.

"Na ya mfukoni," mjane alisema.