Swali la Mgonjwa Mahututi

Padri anayetufundisha teolojia ya maadili hujipangusa chaki kwenye kanzu yake nyeusi, kwa hiyo ikifika saa nne kiuno chote ni cheupe kama cha mwoka mikate. Akitaka tunyamaze, hushusha sauti badala ya kuipandisha. Kila mwaka mtihani wake una swali lile lile: mgonjwa mahututi anamuulizia mwanawe aliyefariki, umwambie ukweli? Ukijibu ndiyo, huandika pembeni kwa penseli, “Una haraka gani?” Ukijibu hapana, huandika hivyo hivyo.

Jumanne, siku moja baada ya mtihani, mpishi wa chuo alisimama mlangoni, aproni mkononi. “Padri, samahani. Mama amezidiwa, anamuulizia kaka, na tulimzika juzi. Nimwambie nini?” Darasa zima tukashika kalamu, leo jibu linatoka! Padri akatazama ubao, kisha vidole vyake. “Mama amekula?”

“Hataki.”

“Twende, dada. Nitakaa naye.” Akatoka bila hata kujipangusa.

Alhamisi alitugawia karatasi zetu. Kwenye yangu, ile “Una haraka gani?” ilikuwa imefutwa, ingawa bado ilisomeka kwa mbali. Juu yake ameandika upya: “Hata mimi sijui.”