Hii modeli ya joto la ardhini ni yangu

Leo, ndani ya biro ya kampuni moja ya City Centre, kwenye nilienda kutafuta kazi, injinia ameniuliza mbele ya bantu bote: "We mukimbizi wa kambi ya Dzaleka, nani alikufanyia hii kazi?"

Nilikuwa nimetoka kubaonyesha modeli yangu ku ordinateri, ile kompyuta yangu. Inahesabu joto lenye liko chini ya ardhi. Unatoa maji ya moto ku kisima kimoja, unarudisha ya baridi ku kingine, unaona moto utadumu miaka ngapi.

Miezi saba niliandika ile kitu!

Nikamwambia: "Papa, chagua we mwenyewe chenye tubadilishe, hapa hapa."

Akacheka. "Basi sogeza visima karibu. Bomba itakuwa fupi, bei rahisi."

"Moto utaisha mbiyo," nikasema. "Maji ya baridi itafika ku kisima cha moto mbele ipate joto."

"Haiwezekani."

Nikasogeza visima ku modeli, nikabonyeza. Tukangoja.

Mustari wa joto ukaanguka puu!

Mama mwenye alikuwa mukubwa wao akasema: "Huyu binti iko sawa."

Sasa sikieni injinia: "Basi utuachie faili, sisi tutaendelea nayo."

Jamani!

Nikafunga ordinateri. "Zikomo, asante, papa. Mukitaka modeli, muite na mwenye aliiandika."

Nikatoka.

Kazi sina. Mama yangu anasema nimefukuza bahati. Mi nasema hapana, na bakiniita kesho bila kuweka jina langu ku modeli, nitasema tena hapana.

Nyinyi mungeacha ile faili?