Karanga Tulizoruka

Juzi nilimsikia binti wa jirani akihesabu mbili-mbili, na pua yangu ikarudi Élisabethville ya utoto wangu, kwenye harufu ya karanga za mama iliyochanganyika na moshi wa kiwanda cha shaba.

Siku moja mama alituachia bakuli la karanga tugawane. Yaya Odile, dada yangu mkubwa, alizipanga mstari sakafuni.

"Mbili, ine, sita," alinifundisha. "Zenye hatutaje haziko za muntu."

Zile tulizoruka alizitafuna mwenyewe, taratibu. Zilizobaki tukagawana sawasawa, nami nikamshukuru.

Jioni nilimsimulia mama kwa fahari: "Na kesho yaya atanifundisha tatu-tatu!"

Mama alicheka hadi machozi, akamtazama yaya, asinieleze kitu.

Leo nina shahada ya hesabu. Karanga nimemsamehe yaya. Kile kicheko cha mama, bado.