Kukipeleka Kichwa Changu Bukavu

Sikwenda Bukavu kutembea. Nilikwenda kwa sababu nilianguka uani kwetu Luberizi nikiwa nimempakata mwanangu Riziki. Mimi niliangukia huku, yeye akaangukia kule, kwenye mchanga, karibu kabisa na mafiga yenye moto. Hakuumia. Haya yote niliambiwa, maana sikumbuki chochote. Kifafa ndivyo kilivyo: kila mtu anakiona isipokuwa mwenye nacho.

Na wanaokiona hawasogei. Kwetu mtu akishikwa na kifafa, hakuna anayemgusa mpaka povu la mdomoni likauke, kwa kuwa wanasema povu hilo likikupata, na wewe utaanza kuanguka. Nimewahi kuzinduka nikiwa nusu mwili mtaroni, watu wamenizunguka kwa mbali kama wanaangalia nyoka.

Tangu siku ile mama mkwe wangu, Mama Feza, alimchukua mtoto. Wakati wa kunyonya alimleta, akamshika mwenyewe kifuani pangu kwa mikono yake miwili, na mtoto akishiba akaondoka naye. Mume wangu yuko Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu. Kwenye simu alisema tumsikilize mama. Niliogopa Riziki atazoea mgongo wa bibi yake na kunisahau. Niliogopa zaidi kwamba labda Mama Feza alikuwa na haki.

Muuguzi wa kituo chetu cha afya ndiye aliyenituma. Dawa zake alikuwa ameziongeza mara kadhaa, na bado naanguka. Alisema Bukavu kuna mashine inayosoma umeme wa ubongo na nyingine inayopiga picha ndani ya kichwa, na kwamba usiku wa kuamkia kipimo nisilale sana, ili nisinzie mbele ya mashine. Neno hilo "umeme" lilinikosesha raha. Jirani mmoja alisema nitachomekwa kwenye ukuta kama simu. Mwingine, wa kanisani, alisema picha itaonyesha sura ya pepo, kisha nitarudi nyumbani na sura hiyo mkononi, sasa nitamwonyesha nani?

Hata hivyo walinipamba. Kwetu mwanamke haendi Bukavu na nywele zake zilivyo. Walinisuka kutwa nzima na nywele za dukani, wakakaza mpaka nikashindwa kukunja uso.

Asubuhi tulipanda gari kando ya mashamba ya mpunga. Mama Feza alikaa kiti cha mbele yangu na Riziki mgongoni, kwa hiyo safari nzima nilikuwa nautazama utosi wa mwanangu bila kuugusa. Kabla hatujaondoka aliniinamia sikioni.

"Usimwambie mutu ugonjwa yako. Chofere akijua, atatushusha."

Kamanyola tulisimama kwenye kizuizi cha askari. Tukashuka, tukapita kwa miguu na mizigo yetu, tukapanda tena. Wengine wote waliwaogopa wenye bunduki. Mimi nilikiogopa kichwa changu.

Mlima Ngomo ndio uliobaki. Mnaoijua barabara ile mnajua: ukuta wa mawe upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu, na chini kabisa mto Ruzizi. Mimi kifafa changu hunipigia hodi kabla ya kuingia. Nasikia harufu ya kitu kinachoungua, hata pasipo na moto, halafu basi, sijijui tena. Katikati ya Ngomo, kwenye kona, nikaisikia harufu hiyo. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Nikawaza: nitarusha mateke, dereva atashtuka, tutakwenda sote bondeni, na mwanangu pamoja nasi.

Kisha mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele: "Yesu wangu! Chofere, kuna kitu inaungua!"

Ilikuwa breki za lori lililokuwa likishuka mbele yetu. Gari zima lilianza kuomba kwa sauti. Mimi peke yangu nilicheka, machozi yakinitoka kwa furaha kwamba breki za mtu zimeungua. Abiria wa jirani yangu alijisogeza mbali nami kidogo.

Jioni tulifika Bagira, kwa Papa Déo, binamu wa Mama Feza, mtu wa ofisi, nyumba yake imejaa vitabu. Alitupokea vizuri na kunitania kuhusu nywele zangu, eti nimekuja kuolewa mara ya pili.

"Usiogope ile mashine," aliniambia. "Haitoe umeme, haitie umeme. Inasikilizaka tu."

Nilimshukuru. Lakini wakati wa kula niliona sahani yangu imewekwa peke yake pembeni, na kikombe changu, na alipomaliza kuzungumzia sayansi alimpa mkewe ishara avioshe kando. Nilikula nikiangalia chini. Kama hata mwenye vitabu ananiogopa, nilijiambia, basi jambo hili ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Kesho yake, hospitalini, macho yakiniwasha kwa kukosa usingizi, tulipokewa na mwanamke mnene mchangamfu anayeitwa Maman Solange, mpimaji. Aliangalia kichwa changu, akashika kiuno.

"Maman, nani amekufanya hivi? Waya zangu zinatafuta ngozi. Hapa nitapata wapi ngozi?"

Ikabidi nifumuliwe. Alikaa upande mmoja wa kichwa changu, na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa alimwita Mama Feza akae upande wa pili. Mama mkwe alisita, kisha akaanza, kwa ncha za vidole. Urembo wa kutwa nzima ulirudi kwenye mfuko wa plastiki. Nilioshwa kichwa kwa sabuni, nikapakwa kitu kizito cha baridi kama uji hapa na pale, na kila penye uji pakabandikwa waya.

Nililala kwenye kitanda chembamba. Kwenye kioo cha mashine mistari mingi ilikuwa ikitembea pamoja, na Maman Solange alipaza sauti kwamba ile ni mimi, ni ubongo wangu unaongea. Aliniambia nifumbe macho na kulala. Mtoto alilia mara moja mgongoni mwa bibi yake, akanyamaza. Nikasikia harufu ya kuungua.

Hapa masimulizi yangu yana shimo.

Nilipozinduka, ulimi uliniuma na shuka lilikuwa limelowa. Maman Solange alikuwa ananipangusa shavu huku akiimba polepole. Nililia kwa aibu. Yeye alifurahi kabisa, aibu yangu hakuiona.

"Umenipa kitu nilikuwa natafuta. Sasa tumeiona mahali inaanzia."

Mchana niliingizwa katika mashine ya pili, pete kubwa nyeupe inayokumeza kichwa na kunguruma. Niliambiwa nisitikisike. Huko ndani nilimwomba Mungu picha isiwe na sura yoyote.

Daktari alikuwa kijana, mtaratibu, akazungumza nasi wote wawili. Alituonyesha picha: kichwa kama kimekatwa katikati, cheusi na cheupe, na doa dogo karibu na sikio. Sikuona macho wala pembe.

"Hii ni kovu," alisema. "Ulipokuwa mutoto, ulipataka homa kali yenye degedege?"

Nilipata. Mama yangu alikuwa akisimulia.

"Basi njo hiyo. Mistari ya ile mashine ingine inaanza kuchafuka hapa hapa. Haiko pepo. Na haiambukize, hata kwa mate, hata kwa nini."

Alinibadilishia dawa. Nikamuuliza kama sitaanguka tena, naye hakunidanganya. Alisema huenda nitaanguka mara chache, huenda bado mara nyingi, na nisiache dawa hata nikijiona mzima. Kisha Mama Feza akamuuliza kuhusu mtoto.

"Amunyonyeshe akikaa chini, kwenye mukeka. Kumuogesha, wawe wawili. Moto, akae mbali nayo."

Safari ya kurudi tulikaa kiti kimoja. Tulipopita Nyangezi, Mama Feza alianza kuongea bila kunitazama.

"Uliposhikwa pale kitandani, mimi nilikimbilia mulango na mutoto. Ule mama akakulaza ubavu. Povu ikatoka. Akaipangusa na mukono yake, bila gant ya kuvaa mukononi, bila kitu. Halafu akaendelea kuandika na ile mukono."

"Mukamuambia nini, mama?"

"Sikumuambia. Nilimuangalia mpaka tukaondoka. Nilikuwa nangoja aanguke."

Tukateremka kona zote za Ngomo.

Kamanyola gari lilipasuka tairi, tukashuka wote kungoja. Riziki aliamka na njaa. Mama Feza alitandika kitenge chini, mbali na barabara, akaniambia nikae. Nikakaa, nikafungua blauzi, nikasubiri mikono yake kama kawaida. Akamfungua mtoto mgongoni na kuninyooshea.

"Mukamate."

Nilivuta mikono yangu nyuma. Miezi yote ile nilimlaumu moyoni kwa kuninyima mtoto. Sasa ananipa, na mimi ndiye nisiyethubutu. Nilikwenda Bukavu nikidhani hofu iko kwa watu wengine. Nimejifunza kwamba nyingine ilikuwa kwangu, na mashine zote mbili hazikuipiga picha.

"Na nikianguka?"

Mama Feza alikaa kwenye kitenge, bega lake likagusa langu.

"Uko chini tayari," alisema. "Utaangukia wapi?"

Nikampokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka.