Msafara wa Kamba za Katani

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Baba yangu alizaliwa Pongwe, akabeba mizigo ya wafanyabiashara kwenda bara enzi za Mdachi, hadi magoti yalipomkatalia. Mama yangu alizaliwa Moa, katika watu wa kuchemsha chumvi. Mimi ni kitinda mimba wao, na shule sikuikanyaga. Nilichosomeshwa ni mchezo wa msafara, na aliyenisomesha ni baba, siku za masika ambapo shambani hakuendeki.

Mchezo huo huchezwa watu wakiwa wameketi mkekani. Njia huchorwa kwa mkaa sakafuni, kutoka pwani kwenda bara. Mmoja huwa kirangozi, yaani mtangulizi wa msafara. Yeye ndiye anayeieleza njia: mto uliofurika, kisima kilichokauka, jumbe wa mji anayedai hongo, ushuru wa njia, ndipo awapitishe watu. Waliobaki ni matajiri wenye mizigo. Kila tajiri husema atakalolifanya, kisha hurusha simbi, makombe madogo ya baharini, ili ijulikane kama amefaulu.

Sheria zake nzito ni mbili tu. Mzigo wako sharti uwe kitu ulichowahi kukishika kwa mikono yako. Na kirangozi, ambaye ameruhusiwa kubuni simba na wanyang'anyi apendavyo, haruhusiwi kubuni soko. Akiulizwa kama bidhaa inanunuliwa, hujibu kama hali ilivyo siku hiyo katika soko la kweli. Baba alisema aliwaona watu waliopelekwa bara kwa maneno ya uongo ya soko, na hakuwaona wakirudi.

Miaka ya dhiki tuliucheza hapahapa Makorora: mimi, babu yako, wifi yangu aliyekaa nasi, na mama yako, wakati huo mwari. Madukani rafu zilikuwa tupu, na kipande cha sabuni kilipangiwa foleni tangu alfajiri. Mchezoni wifi alibeba sabuni tele, nami, kirangozi, nilimjibu kwa haki kwamba zinagombewa. Lolote ulilokuwa nalo lilinunuliwa. Babu yako, aliyekuwa akisimamia mashine ya kusokota kamba kiwandani, hakubeba kitu kingine ila kamba za katani.

"Kaka, kamba tena?" wifi alimchokoza. "Huko bara watakuita mfunga mbuzi."

"Na wewe watakuita dobi. Hebu songa, njia nyembamba na wewe umeijaza."

Kisha biashara ikafunguliwa. Bidhaa za ng'ambo zikamwagika mitaani, watu wakashangilia, hata mimi. Kiwanda cha babu yako kikapata mwenyewe mpya, naye hakukaa sana kabla ya kufunga milango. Babu yako alirudi nyumbani mchana, akalala akiuelekea ukuta.

Mama yako alimwamkia kila asubuhi: "Shikamoo, baba." Hakuitikia. Kwetu mtu mzima asiyeitikia shikamoo ya mwanawe ama amekasirika, ama hajihesabu tena miongoni mwa walio hai. Babu yako hakuwa na hasira. Chakula alikigusa, kisha akaacha hata kukigusa. Wifi akaanza kulia jikoni, nami nikamkataza, maana kilio kikitangulia huwa kama mwaliko wa mauti.

Ndipo nilipotandika mkeka mbele ya kitanda chake, baada ya sala ya alasiri, nikachora njia.

"Tajiri," nilimwambia, "wapagazi wako wamesimama juani wanakungoja."

Aligeuka polepole. "Wamekula?" aliuliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu alipolala.

Tangu hapo alisema ndani ya mchezo tu. Nilipotangaza kwamba msafara umepiga kambi na watu wanapika, niliweka sahani ya ugali na dagaa mbele yake, naye akala pamoja na wapagazi wake. Mkeka ukikunjwa, alirudi ukutani. Nikafahamu kwamba uhai wake umo katika njia ile niliyokuwa nikiieleza, na kwamba njia yoyote huishia sokoni. Nilimzungusha mitoni, nikamfurishia mabonde, nikampandisha milima isiyokuwapo, hata mwenyewe akachoka.

"Kirangozi, tufike," alisema. Basi tukafika.

Alijiinua kwa kiwiko. "Kamba zangu zinanunuliwa?"

Asubuhi ya siku hiyo, mbele ya macho yake, nilikuwa nimetoka kwenda sokoni kununua kamba ya ndoo ya kisimani, nikarudi na ya plastiki, ya buluu. Ya katani haikuwapo kwa muuzaji yeyote.

Mama yako akanishika goti. "Mama, sema zinanunuliwa. Mchezo tu huu."

"Hazinunuliwi, tajiri," nilisema. "Watu wa huku wanafungia plastiki."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Wifi akajitia kucheka. "Rusha simbi, kaka! Hapakosi mzee mmoja mwenye ng'ombe mkorofi."

Hakurusha. "Natua mzigo," alisema. Anayesema hivyo ametoka msafarani, na kirangozi hana amri ya kumwinua. Akaugeukia ukuta. Kesho yake nilitandika mkeka tena, nikamwita, nikaita mpaka sauti ikakauka. Mwezi wa Ramadhani haukumkuta.

Mama yako aliniambia nimemuua baba yake. Sikumjibu siku ile na sitamjibu leo. Ningesema zinanunuliwa, yeye aliyezisokota maisha yake yote angejua, na asingebaki na mtu hata mmoja wa kumwamini. Hivyo ndivyo nionavyo. Lakini kuona huko hakujanipa usingizi, na faraja ya kukupa sina.

Sasa sikia la kuweka. Simbi wape watoto wachezee. Mchezo sikuachii, soko la siku hizi halina mwisho mwema. Weka maneno aliyoyasema babu yako mle njiani, kwa kuwa mengine hakutuachia. Weka kwamba alimpandisha mpagazi mgonjwa juu ya punda, yeye akatembea. Weka kwamba jumbe alipomtukana alimpa hongo yake na salamu juu. Jibu langu nalo liweke, usilipunguze ukali. Kisha nenda kamsomee mama yako lote, na akikuambia ulifute, mwamkie uondoke na karatasi zako.